Daktari, wakili, mhasibu: nani anawasoma?

Safu iliyopita ilihusu matapeli wa simu. Barua zilizofuata zimetoka zaidi kwa watu wa taaluma, na nyingi zinauliza jambo moja: wamenijuaje? Najibu nne.

Mama yangu yuko kijijini, hana akaunti popote. Alipigiwa na mtu aliyejiita muuguzi mwenzangu: eti nimepata ajali, pesa ya upasuaji inatakiwa upesi. Alijua jina langu lote, idara yangu, hata kwamba siku ile nilikuwa chumba cha upasuaji na simu nimezima. Nani kanichongea? (Daktari, Moshi)

Huenda hakuna aliyekuchongea, daktari. Idara na picha yako ziko kwenye tovuti ya hospitali. Siku zako za kazi zimo kwenye tangazo linalozunguka WhatsApp. Namba ya mama? Fikiria magrupu ya michango ya harusi na misiba: majina, namba na kiasi alichotoa kila mtu, vinatumwa upya kila jioni kwa watu ambao nusu yao hawajuani. Tapeli akitaka uhakika, anaanza kutuma elfu moja kwa simu. Jina la mwenye namba linajitokeza kabla hajathibitisha muamala, naye anaghairi. Binamu zako wanamalizia kazi: "Hongera shangazi, umetusomeshea daktari," na picha juu.

Hakuna hata kimoja hapo kilichokuwa siri. Kazi ya mwizi ilikuwa kuviunganisha.

Kubalianeni na mama kwamba akisikia habari yoyote ya ajali, ampigie kwanza ndugu yako mmoja mliyemteua, hata kama mpigaji analia. Hospitali nayo iombe itangaze siku za kliniki tu, maana hizo wagonjwa wanazihitaji. Ratiba ya upasuaji inamhusu nani huko nje?

Mke wangu anasema nijifute kabisa mtandaoni. Ana haki? (Wakili, Mombasa)

Kwa wasiwasi ana haki, kwa dawa hapana. Orodha ya mawakili ya LSK, chama cha mawakili Kenya, humsaidia mteja kumtambua wakili wa kweli. Ukijificha, tapeli atavaa jina lako na hakuna atakayemshtukia.

Kinachofaa kuondoka ni kile kinachomfikisha mtu nyumbani kwako. Julai 2020, huko New Jersey, Marekani, wakili aliyewahi kuwa na kesi mbele ya Jaji Esther Salas alifika mlangoni kwake akijifanya mleta vifurushi. Alimuua Daniel, mwana wa jaji, mwenye miaka 20, akamjeruhi mume wa jaji. Alikuwa amekusanya habari za jaji na familia yake, mpaka kanisa wanakosali. New Jersey ilipitisha Sheria ya Daniel mwaka uleule, kulinda anwani za majaji. Bunge la Marekani likafuata Desemba 2022.

Mengine hutayazuia. Hati ya shamba ikipotea Kenya, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali hutaja jina, kitambulisho na namba ya shamba. Basi mtu akikusomea namba ya kitambulisho chako, usimwamini kwa hilo kuwa anatoka benki.

Mkurugenzi alinitumia ujumbe wa sauti akiagiza malipo ya haraka. Sauti ni yake kabisa. Nilipe? (Mhasibu, Dar es Salaam)

Usilipe kwa sauti. Mapema 2024, mfanyakazi wa idara ya fedha wa kampuni ya uhandisi ya Arup, Hong Kong, alishuku barua pepe ya namna hiyo. Shaka ikamtoka alipoingia kikao cha video na kumwona mkuu wa fedha na wenzake. Wote walikuwa bandia, sura na sauti zimeigizwa kwa kompyuta. Zilikwenda dola milioni 25 za Marekani hivi. Bosi mwenye hotuba nyingi YouTube amekwisha kumpa tapeli sauti ya kutosha. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, kisha dai sahihi ya pili. Akikasirika, mwache akasirike.

Nakimbia kila alfajiri na kuweka njia yangu kwenye Strava, ile programu ya simu ya kurekodi mazoezi. Kuna ubaya? (Meneja wa benki, Nairobi)

Upo. Oktoba 2024 gazeti la Le Monde lilionyesha kwamba njia za mazoezi za walinzi wa Macron na Biden zilikuwa wazi humo, na zilitosha kubashiri hoteli ya kiongozi. Funga akaunti ionwe na rafiki zako tu, ficha mwanzo na mwisho wa njia, na uiweke baadaye, si ungali barabarani. Kilomita hazitapungua.