Kabla ya kuchora mtandao wa ofisi: kwa anayeanza utafiti

Wengi wanaoanza kuchunguza mitandao ya watu kazini, yaani nani humwendea nani, hukimbilia dodoso na programu ya kompyuta ya kuchora mahusiano hayo. Subiri kwanza. Kaa ofisini, tazama, sikiliza watu wanavyoitana. Ukiuliza "Unamwomba nani ushauri?" katika ofisi ya hapa Dar, iwe Posta au Kariakoo, utajibiwa kwa adabu: kila mtu atamtaja mkuu wake. Ukishakaa nao utauliza vingine: "Mfumo ukigoma, unamwita nani kwanza?" Hapo ndipo linapotajwa jina la dada wa masjala, ambaye kwenye muundo wa ofisi yuko chini kabisa.

Kuchanganya njia za utafiti, kama kutazama na kuhoji, si jambo la jana. Katika kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, mwaka 1931 hadi 1932, mafundi 14 walichunguzwa na mtafiti aliyekaa chumbani mwao, huku mwenzake akiwahoji nje. Yakaonekana makundi mawili ambayo kampuni haikuyapanga.

Kwenye dodoso weka orodha ya majina yote, maana mtu akitegemea kumbukumbu atataja marafiki tu. Orodha ya idara ya utumishi haitoshi. Wapo wanaofahamika kwa Mama Fulani pekee, na jina la kwenye mshahara hakuna anayelijua. Andika yote mawili. Halafu wafuate madereva na walinzi wa zamu walipo. Katika ofisi ya watu 40, asiyejibu anaondoka na majibu kuhusu wenzake 39, na huenda ndiye anayeunganisha idara mbili.

Mchoro ukipatikana, rudi ukahoji. Programu itakuonyesha nani yuko katikati, sababu haitoi. Pengine ni mjuzi wa kazi. Pengine ndiye kijumbe wa upatu, na kila mwisho wa mwezi lazima wote wapite mezani kwake!

La siri ndilo gumu. Hata ukiweka namba badala ya majina, dereva mwanamke akiwa mmoja tu, ofisi nzima itamtambua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 isome, lakini usiishie hapo: kubaliana na mkuu wa ofisi kwa maandishi, kabla ya kuanza, kwamba hatapewa mchoro wa mtu mmojammoja. Ataomba tu. Mpe wa idara kwa idara.