Kwa viungo wapya: mtazameni Carli Lloyd mzima, si lile bao moja

Kila msimu tukipokea mabinti wapya mambo ni yale yale. Kabla hata ya kupiga jaramba, mmoja anautenga mpira kwenye duara la kati, anarudi nyuma hatua chache na kuupiga kuelekea goli lisilo na kipa. Wenzake wanapanga foleni nyuma yake. Nikiuliza kulikoni, naonyeshwa simu: Carli Lloyd, kiungo wa Marekani, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake 2015, bao la katikati ya uwanja. Mechi ikianza, binti yule yule anaporwa mpira, anasimama mikono kiunoni, anamwangalia refa. Nikimtoa, anavua vikinga ugoko kwa hasira na kumnong'oneza jirani yake kwamba kocha hampendi.

Wadogo zangu, nawapenda, ndiyo maana leo sinyamazi. Dada zenu waliowatangulia walifanya hayo hayo, wengine wakiwa na miguu mizuri kuliko yenu, na leo hawachezi tena. Kama mmempenda Lloyd basi mjueni vizuri, kwa sababu alipokuwa na umri wenu alikuwa na kasoro zenu zote.

1. Acheni kukaba kwa macho.

Lloyd alizaliwa 1982 na kukulia Delran, New Jersey, akasoma Chuo Kikuu cha Rutgers katika jimbo hilo hilo. Mpira alikuwa nao tangu utotoni: shuti, pasi ndefu, utulivu akiwa na mpira mguuni. Kwao alikuwa nyota, na mtoto anayefunga kila wiki ni nadra kukuta mtu wa kumwambia arudi kukaba. Mwaka 2003, akiwa na timu ya taifa ya Marekani ya vijana chini ya miaka 21, kocha Chris Petrucelli alimtema.

Yaliyofuata tunayajua kwa kuwa Lloyd mwenyewe ameyasimulia mara nyingi, bila kujipaka mafuta. Pumzi yake ilikuwa fupi. Akipoteza mpira hakuufukuza. Mambo yakiharibika, kosa lilikuwa la kocha, au la mwenzake, au la mtu mwingine yeyote asiye yeye. Siku alipotemwa aliona ameonewa, akafikiria amalize masomo na kuachana na ndoto za timu ya taifa. Hebu simameni hapa kidogo. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa dunia wa FIFA mara mbili mfululizo, 2015 na 2016, na alikuwa karibu kabisa kuondoka akiamini kwamba tatizo ni watu.

Baba yake akamtafuta James Galanis, kocha mzaliwa wa Australia aliyekuwa akifundisha vijana huko huko New Jersey. Galanis alimpima, kisha akamwambia kwamba mchezaji anasimama juu ya mambo matano: ufundi, uelewa wa mchezo, nguvu za mwili, uimara wa akili, na tabia. Mawili ya kwanza unayo, akamwambia. Matatu yaliyobaki huna.

Najua wengi wenu mngefanya nini mkiambiwa hivyo. Mngemshukuru kwa adabu, mngeondoka, na jioni mngeandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba kuna watu hawataki kuona wengine wakiinuka. Lloyd alibaki. Akakubali kuanza na yale matatu aliyoyakosa: kukimbia, mazoezi ya viungo, kurudia jambo moja mpaka lichoshe, mara nyingi peke yake, hata siku za sikukuu. Alikuja kufanya kazi na Galanis kwa miaka mingi, mpaka alipokuwa bingwa wa dunia. Julai 2005 alicheza mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ya wakubwa, dhidi ya Ukraine.

Katika yale matano, la tabia ndilo linaloniumiza kichwa. Ufundi naweza kumfundisha mtu. Pumzi naweza kumtafutia kwenye mchanga na kwenye ngazi. Lakini anayeporwa mpira na kusimama, hata nikimpigia kelele mpaka sauti ikauke, uamuzi wa kugeuka na kukimbia uko kwake. Ukipora mpira ule ndani ya sekunde chache, hakuna atakayekumbuka kwamba uliupoteza. Ukisimama, beki wako anabaki na watu wawili mbele yake, na bao likiingia mnamlaumu yeye.

2. Kunyang'anywa namba si kufukuzwa.

Beijing 2008, fainali ya Olimpiki dhidi ya Brazil, Lloyd alifunga bao pekee katika muda wa nyongeza na kuipa Marekani dhahabu. Mngedhani baada ya hapo namba ni yake maisha yote. Olimpiki ya London 2012 ilipokaribia, kocha Pia Sundhage alimweka benchi. Ilimuuma na hakuficha. Ila aliendelea kujiandaa kama mtu anayeanza. Mechi ya kwanza ilikuwa na Ufaransa, uwanja wa Hampden Park, Glasgow. Dakika ya 17 tu, Shannon Boxx akaumia paja, Lloyd akaingia. Ufaransa ilikuwa imeongoza 2–0. Marekani ikarudi na kushinda 4–2, na bao la tatu, shuti la mbali, lilikuwa lake. Fainali Wembley, mbele ya watazamaji zaidi ya 80,000, Marekani 2 Japani 1, na mabao yote mawili ya Marekani ni yake.

Sasa wewe unayekaa benchi umefungua kamba za viatu, jaramba umepiga nusu nusu kwa kuwa umenuna, ukiitwa dakika ya 17 utaingia na nini?

Siwaambii mfurahie benchi. Kombe la Dunia 2019 nchini Ufaransa Lloyd alitumika zaidi kama mchezaji wa akiba, na baadaye alisema wazi kwamba kipindi kile kilikuwa kigumu mno kwake. Hata hivyo alifunga mabao matatu katika mashindano yale. Nuna ukitaka, lakini jaramba upige.

3. Penalti.

Fainali ya Kombe la Dunia 2011, Frankfurt, dhidi ya Japani. Sare ya 2–2, mikwaju ikaja. Mkwaju wa Boxx ukaokolewa. Lloyd akapiga juu ya mtambaa wa panya. Wa Tobin Heath nao ukaokolewa, na kombe likaenda Japani kwa 3–1. Mikwaju ile ilitazamwa dunia nzima.

Juni 30, 2015, Montreal, nusu fainali dhidi ya Ujerumani. Bado 0–0. Célia Šašić wa Ujerumani amekosa penalti muda mfupi uliopita, na sasa Marekani wamepata yao, dakika ya 69. Anayekwenda kwenye nukta ni Lloyd. Anafunga. Nawatajia hili kwa sababu ya binti mmoja hapa kwetu, hamjui ni nani na sitamtaja, ambaye tangu alipokosa ile yake kila tukifanya zoezi la penalti anajifanya anafunga kamba za kiatu. Mdogo wangu, nimekuona. Wiki hii unapiga wewe wa kwanza.

4. Haya mafupi. Geuza shingo kabla ya kupokea mpira. Lala mapema kabla ya mechi. Mguu wako dhaifu uchoshe zaidi ya ule mzuri. Na mkataba usomeni kabla ya kusaini: Machi 2016 Lloyd na wenzake wanne waliwasilisha malalamiko rasmi kuhusu malipo yao kulinganisha na ya wanaume, na madai yale yaliishia kwenye makubaliano ya dola milioni 24 mwaka 2022.

5. Sasa tulitazame hilo bao lenu.

Julai 5, 2015, Vancouver, fainali dhidi ya Japani. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Lloyd alifunga dakika ya 3, ya 5 na ya 16. Nyinyi mnatazama la 16 tu. Rudisheni video nyuma. La kwanza ni kona ya chini ya Megan Rapinoe: Lloyd anaanzia mbali, nje ya kumi na nane (eneo la penalti), anachelewesha mbio zake, kisha anaingia kwa kasi wakati mabeki wa Japani wanawatazama wengine. La pili ni mpira wa adhabu wa Lauren Holiday, na Lloyd ameingia tena kule kule kwenye msongamano. Mbio zile mbili mnaweza kuzifanya kuanzia kesho, hazihitaji mguu wa ajabu. Hata lile la tatu lilianza na kuinua kichwa: aliona kipa Ayumi Kaihori ametoka mbele ya lango lake ndipo akapiga. Kaihori aliugusa mpira kwa mkono akirudi nyuma, ukagonga mwamba, ukaingia. Nyinyi mnapiga mkiwa mmeinamisha macho kwenye mpira, na golini hamna mtu.

Na kuna jambo ambalo video ile haiwaonyeshi. Hatua ya makundi yote Lloyd hakufunga hata bao moja. Bao lake la kwanza lilikuwa penalti dhidi ya Colombia. Robo fainali dhidi ya China, Holiday na Rapinoe walikuwa na adhabu ya kadi, kocha Jill Ellis akalazimika kupanga upya, akamweka Morgan Brian nyuma ya Lloyd. Kazi ya Brian ikawa kukaba na kuziba mapengo. Lloyd akapata ruhusa ya kupanda, akafunga bao pekee siku ile, akafunga nusu fainali, akafunga matatu fainali. Brian alikuwa na miaka 22, mdogo kuliko wote kikosini, na ndiye aliyepewa kazi isiyoonekana.

Tangu mfike hapa, kila ninayemuuliza anataka kucheza namba kumi, kiungo wa kupanda kama Lloyd. Namba sita ya timu yetu, ile ya kukaba na kuziba mapengo kama Brian, haina mtu. Anayeitaka aje aniambie kabla ya Jumamosi, nitaanza naye mazoezi ya ziada alfajiri, na akishaielewa, jina lake nitaliandika la kwanza nikipanga kikosi.