Boga la Halloween linalika, ila si la futari

Umeuliza, dada, kama boga la Halloween, ile sherehe ya Oktoba ya kuchonga maboga na kuweka mshumaa ndani, linalika. Linalika, halina sumu. Yale makubwa ya rangi ya chungwa ambayo familia za Marekani huenda kuchagua shambani mwezi Oktoba ni maboga kweli, lakini mengi ni ya kuchonga. Aina kama Howden, ya huko Massachusetts, ilichaguliwa kwa umbo na kikonyo kinene cha kushikia, si kwa utamu. Nyama yake ina nyuzinyuzi na maji tele. Nililipika kwa nazi likatoka rojorojo, hamu yote ikaishia kwenye mbegu za kukaanga na chumvi. Kwa futari tafuta yale madogo ya duara wanayouza kwa ajili ya pai, au boga aina ya butternut.

Lililokwisha kuchongwa na kulala nje na mshumaa usiliguse, linaoza upesi. Vibuyu vya mapambo, vile vyenye vinundu, pia viache. Na boga lolote likiwa chungu, tema: ni sumu ya asili iitwayo kukurbitasini, inatapisha na kuharisha, na haiondoki kwa kupikwa.

Majani yanapikika, ila muulize kwanza mwenye shamba kama amepuliza dawa.