Maswali na Majibu: Te Deum za Wafalme, Misa za Mabalozi

Je, Handel, mtunzi Mjerumani, alitunga ule muziki wa Mto Thames ili Mfalme George I amsamehe kwa kuihama Hanover, nchi ya Ujerumani aliyoitawala George kabla ya kuwa mfalme wa Uingereza?

Hapana. Swali hili haliishi, kwa sababu watu wanarithishana hadithi bila kutazama tarehe. George aliingia London Septemba 1714, na mwezi huohuo Te Deum (wimbo wa Kanisa wa kumshukuru Mungu) ya Handel ikaimbwa mbele yake katika kanisa la kifalme. Muziki wa Thames ni wa 1717.

Basi ugomvi na Hanover ulitokana na nini?

Na mkataba wa amani wa Utrecht. Uingereza ilitaka kujitoa vitani dhidi ya Ufaransa. Hanover, iliyokuwa ikimlipa Handel mshahara, iliipinga amani hiyo. Yeye, akiwa London, Januari 1713 akamaliza Te Deum ya kuishangilia amani hiyo, mkataba wenyewe ukasubiri saini hadi Aprili. Yaani shukrani kwa Mungu, pamoja na tarumbeta zake, ilikuwa tayari huku mabalozi wakiendelea kubishana. Ilipoimbwa katika kanisa kuu la St Paul's Julai 7, Hanover ilikuwa imeshamfuta kazi. Wanakwaya mnaoalikwa kwenye hafla za serikali, ulizeni kwanza mnamshukuru Mungu kwa lipi, na nani ameumia kwalo.

Te Deum ya Dettingen, nayo ya Handel, ni ya ibada au ya vita?

Ya ushindi wa Mfalme George II dhidi ya Wafaransa huko Dettingen, Ujerumani, 1743. Sikiliza ngoma zake, utajua.

Wakatoliki wa London waliimba wapi Misa ilipokuwa marufuku?

Kwa mabalozi. Padri aliyekamatwa akiadhimisha Misa angeweza kufungwa maisha, lakini balozi wa nchi ya Kikatoliki alikuwa na haki ya kuwa na kanisa lake, na sheria ya Uingereza iliishia mlangoni. Sardinia, Ureno na Bavaria zote zilikuwa na makanisa ya namna hiyo. Mtunzi Mwingereza Samuel Webbe alipiga kinanda katika lile la Sardinia na kutunga Misa kwa kwaya zilizokuwapo. Adeste fideles, tunaouimba kila Krismasi, Waingereza waliuita wimbo wa Kireno kwa kuwa ulisikika katika kanisa la ubalozi wa Ureno.

Msidhani kinga hiyo ilikuwa ukuta wa chuma. Juni 1780, Wakatoliki walipokuwa wamelegezewa sheria kidogo, umati wenye hasira ulilichoma kanisa la Sardinia na kulivunjavunja la Bavaria. Wanaochochea chuki ya dini majukwaani leo waisome habari hiyo yote.

Je, Joseph II, mtawala wa Austria, alifuta muziki makanisani?

Hakuufuta, aliubana. Papa Pius VI alisafiri hadi Vienna 1782 kumsihi aache kuingilia mambo ya Kanisa. Akapokewa kwa heshima, akarudi karibu mikono mitupu. Mwaka uliofuata zikatoka kanuni za kupunguza Misa zenye vyombo vingi. Haydn, mtunzi wa Austria, hakutunga Misa nyingine hadi 1796, Joseph akiwa amefariki na majeshi ya Ufaransa yakiitishia Austria. Mojawapo ya Misa za mwaka huo inaitwa Misa ya Wakati wa Vita, na ombi lake la amani linaimbwa juu ya mdundo wa ngoma.