Unaenda Vietnam kusoma au una bosi Mvietnam? Anza na hili la ukubwa na udogo

Wadogo zetu wanapata ufadhili wa kwenda kusoma Vietnam, alafu wapo ambao hawajaondoka nyumbani ila wanafanya kazi na Wavietnamu, maana Viettel, kampuni ya simu ya Vietnam, ipo Tanzania kwa jina la Halotel na Burundi kwa jina la Lumitel tangu 2015, kwaiyo naandika kwa wote. Mimi nimesoma Hanoi na maswali ninayotumiwa sana ni ya chakula na baridi. Hayo utazoea tu. Cha kujipanga nacho mapema ni namna wenzetu wanavyopanga nani mkubwa nani mdogo, na hapo lazima tumtaje Confucius.

Confucius ni mwanafalsafa wa Kichina wa zamani sana, 551 hadi 479 kabla ya Kristo, na mafundisho yake yaliingia Vietnam wakati Wachina wanaitawala, utawala ulioanza 111 KK na ukaja kuvunjwa mwaka 938 baada ya Kristo, jemadari wa Kivietnam Ngô Quyền alipowapiga kwenye mto Bạch Đằng. Sasa ungetegemea Mchina akiondoka na mambo yake yaondoke, lakini wafalme wa Vietnam wenyewe ndo waliyashika zaidi. Mwaka 1070 wakajenga Văn Miếu pale Hanoi, hekalu la kumuenzi Confucius, 1075 wakaanzisha mitihani ya kupata maofisa wa serikali, na mitihani hiyo ikaendelea mpaka 1919, Mfaransa ashakaa kwenye koloni lake. Yaani kwa zaidi ya miaka 800 njia ya mtu wa kijijini kuwa mtu mzito ilikuwa ni kukaa chini asome.

Ukienda Văn Miếu utakuta mawe 82 yamesimama juu ya migongo ya kobe wa mawe, yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani ya kati ya 1442 na 1779. Wanafunzi walikuwa wakikaribia mitihani wanakuja kuwashika kobe vichwa kutafuta bahati, vichwa vikalainika mpaka vikang'aa, ikabidi wawekewe uzio. Na kabla ya Tết, mwaka mpya wao, watu wanapanga foleni hapo jirani waandikiwe herufi moja ya Kichina kwa brashi, ya baraka au ya elimu, waitundike nyumbani, wakati wengi wao hata kuisoma hawawezi. Nenda uone kwa macho yako, utaelewa kwanini mzazi yuko radhi auze kitu ili mtoto alipiwe tuisheni.

Kwaiyo mwalimu kule ni mtu mkubwa. Wana msemo kwamba siku ya kwanza ya Tết ni ya baba, ya pili ya mama, ya tatu ya mwalimu. Tarehe 20 Novemba ni siku ya walimu, changeni na wenzako mpeleke maua, usiache hata kama mwalimu mwenyewe anasema msijisumbue. Darasani watu wako kimya, na ukimpinga mwalimu mbele ya wote hata kama una haki umemuaibisha na hautapata unachotaka. Subiri kipindi kiishe umfuate. Msimamizi wangu wa utafiti mbele za watu alikuwa anajibu kwa neno moja, ila ukibaki nyuma anakuvutia kiti, anamimina chai, mnaongea mpaka mlinzi anakuja kufunga mlango.

Alafu utaulizwa umri, na mtu umekutana nae sahivi tu. Usikasirike wala usione anakuchunguza, hawezi kuongea na wewe kabla hajajua akuite kaka, mdogo wangu, shangazi au babu. Sisi tuliokua na shikamoo hili halitupi shida.

Ila kitu ambacho nataka ukishike kuliko vyote ni hiki, heshima yao inaenda pande mbili na wageni wengi wanaona upande mmoja tu, wa mdogo kunyenyekea. Ukikubali kuwa mdogo wa mtu, huyo mkubwa ameshabeba mzigo wako. Bili ya bia analipa yeye, chumba anakutafutia yeye, na nilipougua homa kaka mmoja wa maabara alikuja na pikipiki kwenye mvua, kaning'iniza mfuko wa uji wa mchele kwenye usukani, akakaa mpaka nikaumaliza. Confucius alifundisha hivo hivo, baba ana wajibu kwa mtoto na mtawala kwa raia. Kwaiyo usimkatalie mkubwa anapotaka kukusaidia, unamnyima nafasi yake, na wewe ukipata wadogo nao fanya hivo hivo.

Sifichi kwamba kuna upande unaoniuma. Mafundisho ya zamani yalimtaka mwanamke amtii baba, akiolewa mume, mume akifa mtoto wa kiume, na mpaka leo siku ya kumkumbuka marehemu wanaume wanakaa mkekani wakati kina mama wako jikoni toka alfajiri. Lakini usiseme Vietnam ni kopi ya China. Sheria za ukoo wa kifalme wa Lê za karne ya 15 zilimpa binti haki ya kurithi, na mashujaa wanaoheshimiwa kabisa ni kina dada Trưng walioongoza uasi dhidi ya Wachina mwaka 40 baada ya Kristo.

Ukialikwa chakula, usiguse kitu kwanza. Mdogo kuliko wote anakaribisha mmoja mmoja, babu karibu, bibi karibu, baba karibu, ndo mnaanza. Bakuli pokea kwa mikono miwili, na vijiti usivisimamishe kwenye wali, inafanana na udi wa wafu. Siku ya kwanza ya Tết usiende kwa mtu bila kualikwa hata kama ni rafiki yako sana, maana mgeni wa kwanza kuingia ndo anabeba bahati ya nyumba kwa mwaka mzima na huwa wanamchagua. Nenda ya pili au ya tatu, beba matunda, watoto wape bahasha nyekundu zenye noti mpya, hata dong (hela yao) elfu ishirini inatosha, na kabla ya kukaa omba kuwasha udi kwa mababu wa nyumba kama imani yako inaruhusu, kama hairuhusu simama kimya kidogo mbele ya picha zao, wenyeji wanaelewa.