Nenda Jumapili jioni: kupima kituo cha uuguzi na utengamao Marekani

Ofisa wa hospitali anayepanga mgonjwa aende wapi akitoka wodini atakupa karatasi yenye majina ya vituo kumi na kitu, kisha atakuuliza umeamua wapi kabla chai haijapoa. Karatasi hiyo si pendekezo, ni orodha tu ya vituo vya eneo lenu. Omba maombi yapelekwe vituo vitatu au vinne kwa pamoja, maana kituo nacho kinaweza kumkataa mgonjwa, na omba muda hadi kesho yake jioni. Siku moja inatosha mkigawana kazi: ndugu mmoja akae na kompyuta, mwingine achukue gari.

Kuna swali moja ambalo wengi hulijua wakishaletewa bili. Je, mgonjwa alilazwa rasmi au aliwekwa chini ya uangalizi tu? Kitanda ni kilekile, dripu ileile, daktari yuleyule, lakini kwa Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, siku za uangalizi hazihesabiki. Inataka siku 3 mfululizo za kulazwa rasmi, bila kuhesabu siku ya kutoka. Zikitimia, siku 20 za kwanza kituoni hulipwa zote. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia, na kwa mwaka 2025 mchango ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Baada ya hapo ni mfuko wako, au Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kama anastahili. Mwenye Medicare Advantage, yaani Medicare kupitia kampuni binafsi ya bima, huenda asidaiwe zile siku 3, ila mpango wake ndio unaoamua kituo gani na kwa muda gani. Na mzazi aliyeletwa na wanawe juzijuzi, ambaye yeye wala mwenzi wake hajawahi kufanya kazi Marekani, kwa kawaida hawezi hata kununua Medicare mpaka atimize miaka 5 mfululizo ya ukaazi halali. Huyo ulizia bima aliyokatiwa na masharti ya jimbo lenu kabla hujaangalia kituo chochote.

Nyota zisomwe kwa vipande

Tovuti ya serikali iitwayo Care Compare, ndani ya medicare.gov, hukipa kila kituo nyota 1 hadi 5. Nyota ya jumla usiikazie macho. Imechanganya mambo matatu yasiyo na uzito mmoja: ukaguzi, watumishi, na vipimo vya ubora. Vipimo hivyo, kwa sehemu kubwa, hutokana na tathmini zilizojazwa na kituo chenyewe. Ni kama mtahiniwa kujisahihishia mtihani. Ukikuta kituo kina nyota 5 za vipimo na 2 za ukaguzi, amini ukaguzi.

Wakaguzi wa jimbo hufika bila taarifa, kwa wastani mara moja kwa mwaka. Nyota za ukaguzi hulinganisha vituo vya jimbo moja peke yake: asilimia 10 ya juu hupata 5, asilimia 20 ya chini hupata 1. Kwa hiyo nyota 4 za Texas na nyota 4 za Minnesota si kitu kimoja. Fungua ripoti yenyewe, fomu ya CMS-2567. Kila kosa lina herufi, A hadi L. Msururu wa D usikutishe. Vituo vingi vizuri vinazo, mara chakula kimekutwa kwenye friji bila tarehe, mara mtu hakunawa mikono. Kuanzia G mgonjwa aliumia kweli, na J, K na L maana yake watu walikuwa hatarini papo hapo. Hizo soma neno kwa neno. Halafu tazama kinachojirudia: kidonda cha kulala mwaka juzi, kidonda mwaka jana, kidonda mwaka huu. Kosa moja kubwa lililorekebishwa linanitisha kidogo kuliko kosa la kati linalorudi kila ukaguzi. Na ukiona alama ya kiganja ndani ya duara jekundu kando ya jina, kituo kimepatikana na kosa la unyanyasaji karibuni.

Hesabu ya mikono

Takwimu za watumishi ndizo ngumu kughushi, kwa kuwa hutoka kwenye malipo ya mishahara. Tafuta namba tatu: saa za CNA (msaidizi wa muuguzi) kwa mkazi kwa siku, saa za wikendi, na asilimia ya watumishi walioondoka ndani ya mwaka. Kitaifa, karibu nusu ya wauguzi na wasaidizi huondoka kila mwaka, kwa hiyo kituo chenye 25 ni cha kukimbilia na chenye 75 kina jambo.

Saa hizo zigeuze ziwe watu. Chukua kituo cha wakazi 60 chenye saa 2.2 za CNA kwa kila mkazi. 2.2 mara 60 ni saa 132, ukigawa kwa zamu za saa 8 unapata watu 16 hivi kwa siku nzima. Wagawe: 7 asubuhi, 6 jioni, 3 usiku. Yaani asubuhi CNA mmoja ana watu 8 au 9, jioni 10, usiku 20. Sasa tuseme kati ya hao 20 wa usiku, 10 hawajigeuzi wenyewe na wanahitaji kugeuzwa kila baada ya saa 2 na kubadilishwa nepi. Dakika 10 kwa mmoja ni dakika 100 katika kila 120. Zimebaki 20 za kujibu kengele zote, kupeleka watu chooni na kuandika. Wakati huo kuna wakazi wanaohitaji kunyanyuliwa na watu wawili kwa mashine. Hapo ndipo kidonda cha kulala kinapozaliwa, na mara nyingi CNA mwenyewe si mvivu hata kidogo. Mwenzake mmoja akipiga simu kuwa anaumwa, hesabu nzima inaanguka.

Ukoo wa Waafrika Mashariki usio na mtu anayefanya CNA Marekani ni nadra. Mpigie huyo shangazi au binamu umuulize swali moja: wewe ungemleta mama yako hapa? Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Ziara mbili

Ya kwanza ni ile ya miadi, utakayotembezwa na mtu wa mapokezi. Utaonyeshwa sebule, piano na saluni. Sawa. Ya pili nenda bila taarifa, Jumamosi au Jumapili, saa kumi na moja jioni wakati wa chakula. Wakubwa wa ofisi hawapo, na kituo kinabaki jinsi kilivyo.

Mlangoni au karibu na meza ya manesi lazima kuwe na karatasi ya siku hiyo inayoonyesha idadi ya wakazi na idadi ya RN (muuguzi aliyesajiliwa), LPN (muuguzi wa ngazi iliyo chini yake) na CNA kwa kila zamu. Ni takwa la sheria ya shirikisho. Isome, kisha hesabu watu unaowaona. Karatasi ya juzi ikiwa bado inaning'inia, hilo nalo ni jibu. Matokeo ya ukaguzi wa karibuni nayo yanapaswa kuwa mahali ambapo mgeni anayafikia bila kuomba.

Harufu ina daraja zake. Mkojo kidogo nje ya chumba kimoja ni jambo la dakika hiyo. Mkojo korido nzima maana yake nepi na mashuka yanangoja. Marashi makali korido nzima ni mabaya zaidi, maana mtu ameiona shida akaamua kuifunika.

Simama koridoni dakika 15, simu sikioni kama unayezungumza. Taa ya kengele ikiwaka juu ya mlango, pima muda. Dakika 5 ni vizuri, 10 si ajabu wakati wa chakula. Tazama zaidi watumishi wanaopita chini ya taa inayowaka bila kugeuza shingo. Mahali penye utaratibu hata mfagiaji hupiga hodi, husikiliza, na kwenda kumwita nesi. Tahadhari na mtu anayeingia, anaizima taa, anasema narudi, kisha harudi. Taa iliyozimwa haihesabiki popote.

Kwenye chakula, tazama anayelishwa. CNA amekaa au amesimama? Anayelisha amesimama hulisha haraka, na mgonjwa wa kiharusi anayelishwa haraka huku kalala nusu hupaliwa, chakula kikaingia mapafuni, akarudishwa hospitali na nimonia. Mgonjwa anatakiwa awe amekaa wima. Tazama pia jagi la maji: liko upande wa mkono wenye nguvu, au limewekwa upande uliopooza ambako hawezi kulifikia? Tazama visigino vya waliolala: vimeinuliwa kwa mto visiguse godoro? Kucha, ndevu, midomo iliyokauka, soksi zisizoteleza. Haya hayahitaji elimu ya uuguzi.

Chumba cha mazoezi

Wengi hupumbazwa na vyuma vipya. Tangu Oktoba 2019 Medicare hailipi kituo kulingana na dakika za mazoezi kama zamani, kwa hiyo kituo hakipati zaidi kwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi zaidi. Uliza bila kuzunguka: mgonjwa wa aina hii hupata dakika ngapi za fiziotherapia kwa siku, siku ngapi kwa wiki, Jumamosi zimo? Ngapi ni za mtu mmoja na mtaalamu wake, ngapi ni za kikundi? Mazoezi ya kikundi na ya watu wawili kwa pamoja hayapaswi kuzidi asilimia 25. Kuna mtaalamu wa kumeza na kuongea kila siku, au huja Jumanne tu? Na nje ya saa za mazoezi, CNA humtembeza mgonjwa hadi chooni, au humbeba kwa kiti cha magurudumu kwa sababu ni haraka zaidi? Miguu hurudi kwa zile safari za chooni.

Kwenye Care Compare tazama pia kiwango cha waliorudi nyumbani salama na kiwango cha waliorudishwa hospitali. Kwa anayekwenda kwa wiki chache, hivyo viwili vinazidi vingine vyote.

Karatasi za kusaini

Utapewa rundo. Makubaliano ya kupeleka migogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama si lazima. Kituo hakiruhusiwi kuyafanya sharti la kumpokea mgonjwa, na ukishasaini una siku 30 za kujiondoa. Pia hawawezi kukulazimisha uwe mdhamini wa deni kwa fedha zako mwenyewe. Ukisaini kwa niaba ya mzazi, andika hivyo kando ya jina lako, kwamba unasaini kwa niaba yake.

Siku tatu za kwanza

Siku anayofika, omba ngozi ikaguliwe ukiwepo: mkia wa mgongo, nyonga, visigino. Piga picha kwa ridhaa yake. Kidonda kikionekana wiki ya pili, hospitali itasema kilianzia kituoni na kituo kitasema mgonjwa alikuja nacho. Kwa ngozi nyeusi hapa pana mtego: hatua ya kwanza ya kidonda haionyeshi wekundu. Utaona sehemu imekuwa nyeusi zaidi au ina zambarau, ukiigusa ni ya moto au ngumu kuliko jirani yake, na mgonjwa anasema inauma. Mwonyeshe nesi kwa kidole, usingoje aione mwenyewe.

Apimwe uzito siku hiyohiyo, kisha kila wiki. Kupungua asilimia 5 kwa mwezi ni jambo la kuitiwa daktari. Uliza orodha ya dawa, na ukiona dawa ya magonjwa ya akili ambayo hakuwa nayo nyumbani, uliza ni ya ugonjwa gani na nani aliridhia. "Alikuwa anahangaika usiku" si ugonjwa.

Ndani ya saa 48 kituo kinatakiwa kiwe na mpango wa awali wa huduma, uombe. Tathmini kamili hukamilika kufikia siku ya 14, na kikao cha mpango hufuata. Uwepo, hata kwa simu. Lengo liandikwe kwa kitu kinachoonekana: kupanda ngazi 4 za kwao akishika upande mmoja, kukaa chooni na kuinuka peke yake. "Kuboresha mwendo" halipimiki.

Wazee wetu nao wana lao. Wengi hawabonyezi kengele, hawataki kusumbua watoto wa watu. Ukimuuliza "vipi, wanakuangalia vizuri?" atajibu "namshukuru Mungu," na hapo mazungumzo yameisha. Muulize: jana usiku nani alikupeleka chooni? Maji ya mwisho umekunywa saa ngapi? Leo umetembea mpaka wapi? Gusa mswaki wake saa nne asubuhi. Ukiwa mkavu, mengine yakisie. Kama anataka kuogeshwa na mwanamke mwenzake, au chakula cha halali, iandikwe kwenye mpango, isibaki ahadi ya mdomo. Kituo kinadaiwa mkalimani wa bure kwa mambo ya matibabu. CNA Mkenya au Mkongo wa zamu ya jioni ni faraja kubwa, lakini si wa kutafsiri maelezo ya upasuaji.

Likitokea tatizo, anza na nesi wa zamu, kisha mkuu wa uuguzi, kisha msimamizi wa kituo, na kila mara andika tarehe, saa na jina. Wasiposikia, kila jimbo lina mtetezi wa wakazi, ombudsmani, asiyelipisha na asiyetaja jina lako bila idhini. Namba yake lazima ibandikwe ukutani.

Siku ikifika ya kuambiwa malipo ya Medicare yanakoma, utapewa notisi angalau siku 2 kabla. Rufaa ni simu moja tu, bure, kwa namba iliyo kwenye notisi hiyohiyo, lakini ipigwe kabla ya saa sita mchana ya siku inayotangulia tarehe iliyoandikwa. Wakisema "hapigi hatua tena," wajibu kwamba tangu makubaliano ya mwaka 2013 ya kesi ya Jimmo, iliyofunguliwa dhidi ya serikali kuhusu malipo ya Medicare, kutopiga hatua peke yake si sababu ya kukata malipo, kama bado anahitaji mtaalamu ili asirudi nyuma. Kabla ya kupiga, omba kumbukumbu za mazoezi za wiki mbili za mwisho, uwe nazo mkononi: alitembea hatua ngapi, alishikwa na watu wangapi, na siku zipi hakufanyishwa mazoezi kabisa.