Batani ya kufuta haifuti, na konsoli iko kimya

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimetengeneza kikokotoo cha mauzo kwa ajili ya duka la mama, batani za kujumlisha zinafanya kazi freshi kabisa ila ya kufuta nimeandika onclick="clear()" na fanksheni clear ipo kwenye skripti, nikibonyeza hakuna kitu, hata konsoli (pale brauza inapoonyesha makosa) haina mstari mwekundu. Nimebadilisha brauza bado. Shida nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama mdogo wangu. Fanksheni yako wala haina kosa, tatizo haijawahi kuitwa. Weka alert (kile kidirisha cha ujumbe) ndani yake uone, haitatokea.

Iko hivi, ukiandika JavaScript ndani ya atributi ya HTML, kama hiyo onclick, brauza haiendi moja kwa moja kwenye skripti yako, inaanza kulitafuta hilo jina kwenye batani yenyewe, halafu kwenye fomu kama batani iko ndani ya fomu, halafu document (yaani ukurasa wenyewe), mwisho kabisa ndo window (dirisha la brauza) ambako fanksheni yako imekaa. Sasa document ina clear() yake ya zamani, siku hizi imebaki jina tu haifanyi chochote. Ndo hiyo unayoiita.

Na shukuru hukuchagua open(), ukurasa wote ungefutika ukabaki mweupe. Ungeita remove() batani ingejiondoa yenyewe!

Kuna wanaosema tumia majina ya Kiswahili basi yaishe. Inasaidia, ila ukiwa na fanksheni jumla() na kwenye fomu hiyohiyo kuna input (kisanduku cha kujazia) yenye name="jumla", batani itaikuta input kwanza na utaambiwa "jumla is not a function".

Kwa leo badilisha jina liwe futaYote() utaona inakubali. Mimi lakini ningeitoa onclick kwenye HTML, batani naipa id="futa", halafu chini kabisa ya ukurasa kabla ya </body> skripti inasema:

document.getElementById("futa").addEventListener("click", futaYote);

Hapo hata ungebaki na clear ingefanya kazi, maana jina lililoandikwa kwenye skripti halipitii document. Ila usiweke mabano baada ya futaYote, ukiyaweka inaitwa palepale ukurasa unapofunguka, mama hajagusa kitu. Na kama batani iko ndani ya fomu iandikie type="button", la sivyo kila akibonyeza fomu inatumwa na ukurasa unajipakia upya.